Mfuko wa turubai wa kwendea sokoni: jinsi ya kuushona ukabeba mzigo wa Kigoma

Mfuko wa sokoni haufi katikati. Chukua wowote uliokukatikia, uutandaze mezani uutazame. Kitambaa cha tumboni ni kizima na rangi bado ipo, lakini mshikio mmoja umeng'oka na kipande cha kitambaa, au kona ya kitako imetoboka. Mfuko wa mwisho nilioununua ulinikatikia nikipanda kutoka Kibirizi, mwalo wa samaki hapa Kigoma, ndani kuna dagaa kilo 3, viazi, na chupa ya mawese. Chupa ilipona. Dagaa niliokota wachache, wengine wakabaki mchangani. Nilipofika nyumbani nikaugeuza: mshikio ulishikizwa kwa mshono mmoja, upana wa kidole, juu ya kitambaa ambacho ukikiinua dirishani unaona mwanga upande wa pili.

Tangu hapo nashona yangu. Jambo moja nililolifahamu baada ya kuharibu mingi ni kwamba mzigo unapaswa kubebwa na mkanda, si kitambaa. Mkanda uanzie chini ya kitako, upande kwenye uso wa mfuko, uwe mshikio, ushuke uso huohuo, urudi chini ya kitako. Kitambaa kazi yake ni kuzuia vitu visianguke tu. Ukilishika hilo, mengine yote humu ni vipimo na subira.

Mifuko ya rambo, ile ya plastiki, ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na anayekutwa nayo hutozwa faini kuanzia shilingi 30,000. Iliyochukua nafasi yake ni ile mifuko mbadala isiyofumwa, ambayo kiwango chake cha chini ni gramu 70 kwa mita ya mraba. Mingi kati ya hiyo nayo ni plastiki, na ikichanika haishoneki. Turubai la pamba nitakalolieleza lina gramu 340 hivi kwa mita ya mraba, karibu mara 5, na likichakaa linatiwa kiraka.

Kitambaa

Ukiingia dukani mtaa wa Mwanga hapa mjini ukasema "nataka turubai," utaletewa lile la plastiki la bluu la kufunikia mahindi. Sema unataka turubai la pamba, au kanvasi, kitambaa cha kushonea mabegi. Wazee wengine wataelewa haraka ukisema kitambaa kizito kama marudufu. Kinachofaa ni cha wakia 10, yaani uzito wa yadi moja ya mraba, ambao ndio zile gramu 340 kwa mita. Cha wakia 12 kina nguvu zaidi, lakini kikifika tabaka 5 cherehani nyingi za nyumbani zinagoma. Cha wakia 8 ni chepesi, kinafaa kubebea madaftari.

Usinunue kwa macho. Kikunje mara 4, ukibinye kwa vidole: turubai zuri linakataa kujikunja kabisa na linarudi polepole. Kisha omba uzi mmoja kutoka ukingoni uuchome nje ya duka. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu linalopukutika. Plastiki hujikunyata ikawa kijidonge kigumu cheusi. Kitambaa mchanganyiko kinafaa pia, ila hakitastahimili pasi ya moto mkali.

Turubai kuukuu la lori au hema la zamani linatamanisha kwa sababu ni la bei ndogo. Mimi silitumii kwa mfuko wa chakula. Mengi yamepakwa dawa za kuzuia maji na ukungu, na huwezi kujua ni dawa gani iliyomo. Bora jinzi za mtumba: suruali 2 kubwa za wanaume zinatoa mwili wa mfuko mzima, ukikubali mshono mmoja wa ziada katikati.

Kwa mfuko mmoja nunua mita 1 na nusu ya kitambaa chenye upana wa inchi 60. Ukitaka miwili ongeza sentimita 10 tu, maana upana unatosha miili miwili ikilala sambamba.

Kabla ya mkasi, maji. Turubai jipya lina wanga wa kiwandani na hunywea likioshwa mara ya kwanza, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 10. Ukikata kwanza ukaosha baadaye, mfuko utajikunja na mikanda itavuta upande. Liloweke kwenye maji ya moto na sabuni kwa saa 1, lisuuze, lianike bila kulikamua kwa kulisokota, ulipige pasi likiwa na unyevunyevu bado. Likikauka kabisa likiwa na makunyanzi, hayo makunyanzi yatakusumbua hadi mwisho wa kazi.

Vifaa

Cherehani nyeusi ya chuma ya kukanyaga ndiyo bora kwa kazi hii kuliko nyingi nyepesi za umeme, kwa kuwa ina uzito na unaidhibiti kwa mguu. Weka sindano namba 16, na uwe na namba 18 ya akiba kwa sehemu nene. Uzi uwe wa polista, mzito kidogo kuliko ule wa kushonea vitenge. Mishono iwe mirefu, 8 kwa inchi. Wengi hudhani mishono midogo ndiyo imara. Kwenye turubai ni kinyume: vitundu vikikaribiana kitambaa kinachanika kwa kufuata mstari, kama karatasi iliyotobolewa ili ichanwe.

Utahitaji pia futi ya fundi, chaki, mkasi mkali, pasi, nyundo au mchi, kipande cha kitenge cha kufungia mishono ya ndani, na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia. Kigoma tuna bahati ya kuwa na uzi wa kutengenezea nyavu: chukua ule mwembamba kabisa. Mahali ambapo cherehani imeshindwa, shazia na uzi wa nyavu vinamaliza kazi, na hapo hapatafumuka tena.

Vipimo

Mfuko utakapokamilika utakuwa na upana wa inchi 14, kina cha inchi 6 na kimo cha inchi 14. Hiyo ni lita 19, karibu ndoo nzima ya lita 20. Usiufanye mkubwa zaidi. Mfuko mkubwa unakaribisha mzigo ambao bega lako haliuwezi, na mimi nilishaujaza mmoja mkubwa nikashindwa kuuinua pale sokoni.

Kata mwili kipande kimoja, inchi 21 kwa 38, ile 38 ikifuata urefu wa kitambaa. Hakuna mshono chini ya kitako, kitambaa kinakunjwa tu. Kata mikanda 2, kila mmoja inchi 4, kwa upana wote wa kitambaa. Baada ya kunywea, upana huo utakuwa kama inchi 57 au 58. Kata kitako cha ndani inchi 21 kwa 11 kutoka kwenye ubavu uliobaki. Ukishona mifuko 2, kitako cha wa pili kikate kwenye jinzi. Kitenge kitoe tepe 2 za inchi 2 kwa 20.

Hesabu ya mkanda ni hii. Kutoka katikati ya kitako hadi mdomoni ni inchi 17. Kupanda 17 na kushuka 17 ni 34, na maungio yanakula inchi 1. Mkanda wa 58 unakuachia mshikio wa inchi 23, na huo unaingia begani hata ukiwa umevaa sweta. Ukibaki na pungufu ya 56, unga kipande palepale kitakoni ambapo maungio yatafichwa.

Kushona

Kazi yote inayowezekana kufanywa kitambaa kikiwa kimetandazwa, ifanye kikiwa kimetandazwa. Mbavu zishonwe mwisho.

Anza na midomo. Kila ncha fupi ya mwili ikunje nusu inchi kwa ndani, piga pasi, kisha ikunje tena inchi 1 na nusu. Shona mistari 2, mmoja chini kabisa ya pindo na mwingine juu karibu na ukingo. Sasa mwili una urefu wa inchi 34. Ukitaka mfuko mdogo wa ndani wa simu, upana wake usizidi inchi 6, ukae katikati, uushone sasa hivi, maana ukishaweka mikanda huwezi tena kuufikia vizuri.

Tafuta mstari wa katikati, inchi 17 kutoka kila mdomo, uuchore kwa chaki pande zote mbili. Kitako cha ndani kikunje nusu inchi kwenye kingo zake ndefu, kiweke ndani kikiwa sawa na mstari huo, ushone kingo zote ndefu. Ncha zake fupi ziache zifike pembeni, zitakamatwa na mishono ya mbavu.

Sasa mikanda, na hapa usiwe na haraka. Unganisha mikanda miwili ncha kwa ncha ili ipatikane duara moja, kila ungio lichukue nusu inchi kila upande, na upige pasi mshono ukiwa umefunguliwa. Kisha kunja kingo zote mbili za mkanda zikutane katikati, uwe na upana wa inchi 2 na tabaka 2. Piga pasi duara zima. Upande wenye kingo zilizokutana ndio utakaolala juu ya mfuko.

Tandaza mwili, uso wa nje ukikutazama. Weka duara juu yake: ungio moja likae kwenye mstari wa katikati upande wa kushoto, la pili kwenye mstari huohuo upande wa kulia. Ukingo wa nje wa mkanda uwe inchi 5 kutoka pembeni, juu hadi chini, na katikati ya mikanda ibaki inchi 7. Pima mahali 4 kila upande, usipime ncha tu. Halafu fuata mkanda kwa kidole duara zima, upite kwenye mshikio mmoja, ushuke, upite wa pili, hadi ulikoanzia. Kidole kikijikuta upande wa pili wa mkanda, umejipinda. Mshikio uliojipinda huonekana baada ya kumaliza tu, na kuufumua ni kazi ya nusu siku.

Piga bandi kwa mkono kwanza, yaani mishono mirefu ya muda ya kushikiza. Pini kwenye turubai zinapinda na zinachoma. Kisha shona kila mkanda mistari 2, milimita 3 kutoka kila ukingo, kuanzia mdomo wa upande mmoja, chini kupitia kitako, hadi mdomo wa pili. Usisimame kitakoni.

Pale mkanda unapovuka pindo la mdomo, shona mraba kisha ukatize X ndani yake. Hapo pana tabaka 5, ndipo mifuko yote ya dukani hufia, na ndipo wanaojifunza huvunja sindano. Kabla ya kushona weka sehemu hiyo juu ya kipande cha ubao uigonge kwa nyundo mara 10 hivi, mpaka unene upungue. Pitisha kipande cha sabuni kavu juu ya mstari utakaoshona ili sindano iteleze. Sasa angalia kile kiguu kinachokandamiza kitambaa: kikifika kwenye ngazi ya pindo kinainuka mbele, kinakuwa kama mtu anayepanda mlima, na hapo ndipo mishono inaruka. Kunja kipande cha turubai hadi kiwe na unene sawa na pindo, kisukume chini ya kiguu kwa nyuma. Kiguu kinalala sawa. Ondoa mguu kwenye pedeli, zungusha gurudumu kwa mkono, mshono mmoja mmoja. Niliwahi kupeleka kazi kwa fundi Ujiji, akaniambia, "Mama, hapa cherehani haipiti." Nikamwomba anipishe kidogo, nikagonga, nikaweka kile kipande nyuma, nikazungusha kwa mkono. Ilipita. Siku hizi naye hukigonga kabla hajaniuliza.

Mishikio yenyewe ifanye laini kwa mkono. Kuanzia inchi 1 juu ya mdomo, kunja mkanda mara mbili kwa urefu, uwe inchi 1 na tabaka 4, uushone hadi inchi 1 kabla ya mdomo wa upande wa pili. Mkanda bapa wa inchi 2 ukikaa begani unajikunja wenyewe na ukingo wake unakata. Ukishaukunja na kuushona, unakuwa kama kamba nene iliyoshiba.

Mbavu sasa. Kunja mwili katikati, nje ikutane na nje kwa ndani, midomo ikilingana sawasawa. Shona kila ubavu nusu inchi kutoka ukingoni, rudi nyuma mishono 4 mdomoni, kisha shona mstari wa pili milimita 4 kutoka wa kwanza kuelekea ukingoni. Kingo mbichi zifunike kwa utepe wa kitenge, ncha ya juu ya utepe ikiwa imekunjwa ndani. Ovaloki ya fundi inatosha pia, lakini kitenge kinadumu zaidi, na kila ukifungua mfuko unakutana na kitu kizuri.

Kona za kitako: mfuko ukiwa bado ndani-nje, vuta kona moja ifanye pembetatu, mshono wa ubavu ukae juu ya mstari wa kitako. Kutoka kwenye ncha pima inchi 3 ukifuata mshono, hapo chora mstari wa kukatiza, utaupata una urefu wa inchi 6. Ukiupata 5 au 7, kona yako haijalala sawa, itandaze upya. Shona mara 2. Ile pembetatu usiikate. Ilaze kitakoni kwa ndani, ishikize ncha yake kwa shazia: ni tabaka la bure mahali panaposugua sakafu.

Geuza mfuko. Ikandamize kona kwa mpini wa kijiko cha mbao, piga pasi.

Kuujaribu

Usiupeleke sokoni siku hiyohiyo. Jaza ndani kilo 12 za mchanga uliofungwa kwenye kiroba, uning'inize kwenye mlingoti au tawi usiku mzima. Asubuhi shika kila mraba wa X uangalie vitundu vya sindano. Vikiwa vimetanuka na uzi unaonekana umevutika, ongeza mshono wa shazia hapohapo. Mshikio mmoja ukiwa umeshuka kuliko wa pili, kuna mstari wa mkanda uliolegea kitakoni.

Kitako cha nta

Hili si la lazima, ila kwa anayenunua samaki mwaloni au anayeweka mfuko kwenye sakafu ya soko wakati wa masika, lina faida kubwa. Nta ya nyuki haiko mbali nasi, Kibondo na Tabora wanarina asali kila mwaka. Washa pasi moto mdogo. Sugua kipande cha nta kwenye kitako na inchi 2 juu ya ukingo wake, kwa nje tu, kama unavyosugua sabuni kwenye kola. Weka karatasi ya kaki juu, pitisha pasi polepole mpaka nta izame na rangi ya kitambaa ikolee. Rudia mara moja. Tone la maji likiwekwa hapo linakaa kama kishanga. Baada ya hapo mfuko huo usiuoshe kwa maji ya moto.

Kuubeba na kuufua

Vizito na vigumu viende chini: viazi, nazi, unga. Chupa za mafuta zisimame ubavuni. Nyanya na ndizi mbivu juu. Samaki mbichi kama mgebuka asiingie moja kwa moja kwenye turubai, hata lenye nta. Beba kindoo kidogo chenye mfuniko, ukiweke ndani ya mfuko. Dagaa wakavu wafunge kwenye karatasi. Shombo likishaingia, paka maji ya limau yaliyochanganywa na maji kiasi, acha nusu saa, kisha fua na sabuni ya mche. Asidi ya limau ndiyo inayoikata ile harufu.

Mawese ndiyo yanayowakatisha watu tamaa. Yakimwagika, usikimbilie maji. Nyonya kwanza kwa unga wa muhogo au majivu makavu, upanguse, kisha sugua sabuni kavu juu ya doa likiwa bado halijaloa. Sabuni yetu ya mawese inafanya kazi hii vizuri. Ndipo ufue kwa maji ya uvuguvugu. Mafuta yatatoka, lakini rangi ya chungwa itabaki. Anika mfuko juani ukiwa na unyevu, doa likielekea jua, siku 2 au 3. Rangi ya mawese inatokana na karotini, na jua linaichakaza. Kabla sijalijua hili nilishatupa mfuko mzima kwa doa ambalo lingeisha kwa Jumamosi na Jumapili.

Kitakachoanza kuchakaa ni kitako, pale mikanda inapogusa chini, na maungio mawili ya mkanda yapo hapohapo. Ukiona nyuzi zinaanza kutoka, usisubiri tundu. Kata kipande cha jinzi inchi 3 kwa 4, kunja kingo zake, kilaze juu ya ungio, ukishone kwa shazia na uzi wa nyavu kwa mshono wa kurudi nyuma, ukipita ndani ya mkanda na kitambaa kwa pamoja.